Machicha

Saa nane ya usiku lori la Lachlan linarudi kinyumenyume,
linalia kama kifaranga aliyepotezana na mama,
kisha linainua mgongo na kumwaga
tani ishirini za machicha ya shayiri
yangali yakifuka mvuke katika baridi ya Grangemouth.
Wamekwisha kukamua, huko milimani.
Kilicho chao wamekitia mapipani, watakifungia miaka kumi na miwili.
Hiki ni kilichobaki.
Mimi ndiye wa kilichobaki.

Wiski yenyewe sijapata kuionja. Lachlan huona ajabu.
Namwambia: namjua bwana harusi
kwa viatu vyake mlangoni.

Machicha. Neno hili nimekuja nalo mwenyewe,
halimo katika daftari za kiwanda.
Bibi yangu, Pangani, alikuna nazi, akakamua kwa kifumbu:
tui la kwanza la wageni,
la pili la wali wetu,
la tatu, jembamba kama ahadi, la kuchemshia maharage.
Kisha aliyatazama machicha kiganjani
kama mtu anayeshuku amepunjwa.
"Yana kitu bado," akasema, akawatupia kuku.

Yana kitu, Bibi.
Tunayachemsha kwa asidi hafifu mpaka yaachie sukari,
tunaupoza uji, tunaifukuza hewa yote,
na ndani ya tangi nambari tatu tunawatia wao,
bakteria wa udongoni,
vistari vilivyochorwa na mtu mwenye haraka.
Pumzi yetu ni sumu kwao.
Hawana macho, hawana ukoo, hawadai posho ya usiku.
Wanakula.

Kwanza huleta ukali.
Uji unachacha, namba inashuka:
sita, tano na nusu, tano,
na kila mwenye kazi hii anajua pana kizingiti;
wakichelewa kugeuka
watakufa wote ndani ya siki yao wenyewe.
Jumanne iliyopita walichelewa.
Tulimwaga lita elfu arobaini,
na Ishbel, msimamizi, akaliosha tangi bila kusema neno,
taratibu, kwa heshima ya mwosha maiti.

Leo: nne nukta tisa.
Nne nukta saba.
Simu i mkononi. Nimwamshe? Simwamshi.
Pampu. Mvua juu ya bati.
Nne nukta saba.
Nne nukta saba.

Nne nukta nane.

Wamegeuka!
Wanaula ukali walioutema, wanautoa butanoli,
na harufu inapanda valvuni,
ndizi iliyopitiliza kuiva ndani ya duka la rangi.

Itakwenda kuwa rangi ya mlango wa mtu,
gundi ya soli, wino wa risiti.
Sisemi itaiokoa dunia.
Mafuta ya kuchimbwa bado ni rahisi kuliko yetu,
mhasibu hutukumbusha kila Ijumaa.
Nao wenyewe hawavuki asilimia mbili:
walichokizaa kikizidi, kinawaua.
Kikulacho ki nguoni mwako, tulifundishwa.
Hawa hata nguo hawana.

Lakini kuna jambo hunijia zamu ikiwa ndefu.
Taka ni uchafu.
Taka ni kutamani.
Ongeza silabi moja tu: takata,
na uchafu umeng'aa.
Nani aliyalaza maneno haya chumba kimoja,
na alikuwa akifanya kazi gani?

Alfajiri tunachuja.
Chini ya kichujio yamebaki makapi, ya kahawia, mazito,
machicha ya machicha.
Ishbel anaingia akikung'uta mvua, ananikuta
nimeyashika kiganjani, nayatazama kwa jicho lile la Bibi,
midomo ikicheza.
"Unasema nini?"
"Nahesabu tu," nasema,
na siyatupi.